Chumba Chini ya Mteremko

Mtu akikutajia mafundi wakubwa wa Kisangani, hatamtaja Assumani. Hatamtaja hata ukimkumbusha. Assumani alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya majengo ya chuo kikuu, na tangu alipotoka shule ya ufundi ya Wabelgiji mpaka kichwa kilipoanza kuota mvi, kazi yake ilikuwa kuchora vyoo. Nisimwonee: alichora pia nyua na vibanda vya walinzi, na safari moja ghala la mahindi la Yangambi, ambalo lilijengwa kweli na likavuja kweli. Lakini zaidi vyoo.

Wazazi wake walikuwa Waislamu wa Kasongo walioshuka na mto kufuata kazi ya reli, wakaishia mtaa wa Kabondo. Yeye akaenda kumwoa Micheline, Mkatoliki, binti wa wavuvi wa Yanonge. Pande zote mbili zilikunja uso. Kisha akazaliwa Julie, nyuso zikakunjuka, na wakati wa habari hii Julie mwenyewe alikuwa ameolewa Banalia. Katika miaka ile ya Zaïre majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, kwa hiyo kwenye karatasi Micheline alikuwa Citoyenne, yaani Raia, Bolumbu. Karatasi zilibaki ofisini. Nyumbani na sokoni alikuwa Micheline, na kwa mumewe alikuwa Mama Julie.

Na kwa mji mzima alikuwa Mama Mukwe. Hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Kila Jumapili baada ya misa redio ya mji ilikuwa ikitoa mchezo wa kuchekesha, na ndani ya mchezo ule kulikuwa na mama mkwe mmoja mkorofi, mwenye kuonja chungu cha watu bila kualikwa na kuhesabu mikate ya mkaza mwana. Sauti hiyo ilikuwa ya Micheline. Ilikuwa nzito chini na kali juu, na mwenyewe alijua kukaa kimya kidogo kabla ya kutukana, hata mtaa ukaanza kucheka kabla tusi halijatoka. Wanaume walirudi mapema kutoka kwa marafiki zao ili wasikilize. Wanawake waliomkuta Micheline akinunua majani ya pondu sokoni walimwuliza leo anakwenda kumsumbua nani, naye akawajibu kwa sauti ile ile, na muuzaji kwa kucheka akasahau kupandisha bei.

Kisha mashine ya kurekodia ikafa. Kilitakiwa kipande kimoja kutoka Ulaya. Kipande hakikuja mwaka ule, hakikuja mwaka uliofuata, na yule aliyejua jina la kipande akahamishwa. Redio ikawa inapokea matangazo ya Kinshasa tu, hotuba na nyimbo za Chama, asubuhi mpaka jioni. Waigizaji waliambiwa wasubiri nyumbani. Wengi walipata kazi nyingine, nao wakasahau. Micheline alipata biashara ya makayabu, samaki wa chumvi, sokoni, lakini hakusahau. Alianza kunyamaza. Si kwamba alikuwa na hasira, hasira Assumani angeiweza. Alijibu alipoulizwa, akapika, akacheka pale panapochekwa, na ndani ya nyumba ile mwanamke aliyekuwa na sauti ya kuusimamisha mji akawa anaongea kama mgeni aliyekuja kuomba moto. Assumani alimtazama akififia hivyo na hakujua la kufanya. Ungefanya nini wewe? Mtu hachori dawa.

Basi chuo kilipotangaza kwamba kitajenga jumba la sanaa za jukwaa na ufundi wa redio na televisheni, Assumani aliitikia kwa moyo wote, kuliko hata wenye chuo. Msanifu Mbelgiji aliyepewa kazi hiyo alikuwa amekwenda likizo kwao na hakurudi. Mkuu wa ofisi alitazama huku na huku kutafuta mtu anayeweza kushika kalamu, akamwona Assumani amekaa mbele ya choo cha bweni la wasichana.

"Bon," akamwambia. "Weye utachora. Augustin atakuonyesha mambo ya théâtre."

Augustin alikuwa mwalimu wa tamthilia pale chuoni, mwembamba, mwenye kuzungumza kwa mikono miwili. Alikaa kando ya meza ya Assumani wiki nyingi akimfundisha. Assumani hakuwa amewahi kuingia ukumbi wa maonyesho; alichojua ni kanisa kwa nje na msikiti kwa ndani.

"Papa Assumani," Augustin alimwambia, "mutu anakaa nyuma kabisa iko na haki ya kusikia na kuona sawa na ule wa mbele. Donc kiti yake lazima ipande. Kila mustari juu ya mwenzake, kidogo kidogo, kama ngazi, escalier."

"Na chini ya ile escalier kunabaki nini?"

"Nafasi ya bure. Tuweke studio pale! Zege juu, béton, ukuta mara mbili pembeni. Hata mvua ikipiga, makelele haiingie."

Assumani akaweka kalamu chini. Alimwuliza kama studio hiyo ingekuwa na mashine mpya. Augustin akasema bila mashine ingekuwa stoo, si studio, mashine zimeahidiwa. Akamwuliza tena kama ni wanafunzi tu watakaoitumia. Augustin akacheka, akamwambia mwanafunzi wa mchezo wa redio anahitaji mtu wa kumfundisha, na katika mji huu mtu huyo hulala kitanda kimoja na Assumani mwenyewe.

Siku hiyo Assumani alirudi Kabondo kwa miguu bila kuhisi njia. Alimchorea Micheline kwa kipande cha mkaa kwenye sakafu ya baraza: huu mteremko wa viti, hapa jukwaa, na hapa chini, ndani kabisa, chumba chako. Micheline alisimama na kisu cha samaki mkononi akitazama.

"Dirisha iko wapi?" akauliza.

"Studio haina dirisha, Mama Julie. Augustin anasema sauti ya inje itaingia."

"Sasa miye nikiongea, naongea na nani? Na ukuta?"

Kesho yake Assumani alimwendea Augustin, wakaongeza dirisha dogo la kioo kati ya chumba cha kusemea na chumba cha fundi, ili msemaji aone angalau uso mmoja. Augustin akasema ndivyo studio zote zilivyo, alisahau tu kutaja. Assumani hakulijali hilo. Alikwenda kumwambia mkewe dirisha limepatikana, kama vile amelinunua sokoni.

Na Micheline akaamka. Sina neno jingine. Jioni akimenya ndizi za kuponda lituma alianza kutoa sauti ya Mama Mukwe, kwanza chini chini, akijaribu kama bado ipo. Halafu akatunga michezo mipya. Mama Mukwe amekwenda Kinshasa kwa boti na kumkosoa kapteni. Mama Mukwe amepewa kazi ofisini na hajui kalamu inawashwa wapi. Majirani walisogea kwenye uzio na watoto wakamwomba arudie. Assumani alikaa kwenye kiti chake akitikisika kwa kicheko mpaka akashika mbavu, na moyoni akasema: nimepata. Miaka yote ya vyoo, kumbe nilikuwa nikielekea hapa.

Wakati fulani alimpeleka kiwanjani. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha kufyeka majani na kufunga kamba kwenye vigingi. Micheline aliruka kamba moja, akaruka ya pili, akaingia mahali Assumani alipomwonyesha, akasimama kati ya nyasi zilizokatwa. Alikohoa, akanyoosha shingo. Akasema maneno machache ya Mama Mukwe, si kwa kelele. Wafyekaji wote wakainua vichwa.

Kisha ikaja siku ya kamati.

Ramani zilibandikwa ukutani katika chumba cha mikutano. Walikuwapo wakubwa wa chuo, mkuu wa ofisi, Augustin, na mjumbe wa Chama, mtu mnene wa upole aliyevaa abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali. Assumani alishika fimbo akaeleza. Alieleza vizuri. Katikati ya viti alikuwa ametia rangi nyekundu kiti kimoja, na kwa hicho alijivunia hasa, maana Augustin alimwonyesha kwamba hapo ndipo sauti zote hukutana, na Assumani mwenyewe akaona mahali pazuri kuliko pote lazima pawe pa mkubwa kuliko wote, Commissaire, mtawala wa mkoa.

"Ile kiti nyekundu ni ya nani?" mjumbe akauliza.

"Ya Citoyen Commissaire, chef. Pale anasikia muzuri kupita bote."

"Très bien. Na nyuma yake banakaa banani?"

"Banafunzi, chef."

"Banafunzi." Mjumbe aliinuka, akaisogelea ile ramani iliyoonyesha jumba likiwa limekatwa ubavuni, kama samaki aliyepasuliwa. Akaweka kidole kwenye kiti chekundu, akakipandisha taratibu, mstari kwa mstari, mpaka juu. "Hapa, ule mwanafunzi wa mwisho. Miguu yake iko wapi?"

Assumani alitazama. Alikuwa ameichora mistari ile mwenyewe, alijua kila kimo, na hakuwahi kufikiri kwa upande huo. Angeweza kusema hajui. Angeweza kukohoa. Lakini mchoraji akiulizwa kipimo hujibu kipimo.

"Iko juu ya kichwa ya Commissaire, chef," akasema.

Kila mtu chumbani alipata ghafla jambo la kutazama kwenye viatu vyake. Mjumbe hakupandisha sauti. Aliuliza kama ni kweli kwamba Citoyen Assumani amefikiri, amepima, akatia na rangi, jumba ambalo ndani yake mwakilishi wa Guide, Rais mwenyewe, atakaa chini ya viatu vya watoto wa shule. Augustin akajitosa kumwokoa. Akasema katika théâtre dunia nzima ndivyo ilivyo, mteremko hauna maana ya cheo. Mjumbe akamwuliza jina lake kamili. Augustin akataja jina lake, na kwa bahati mbaya akataja lile la ubatizo.

Nicheke au nilie, sijui. Watu wenye akili zao walikaa pale mpaka mchana kumtafutia Commissaire mahali. Wakimweka kiti cha juu kabisa, atapanda ngazi kama fundi wa paa, na wapiga picha watakuwa mbali. Wakimweka mbele kabisa, wote watakuwa juu yake. Mwishoni mjumbe mwenyewe akaleta suluhisho, na kwa sauti ya mtu anayesaidia: sakafu ilazwe, iwe sawa yote. Viti vya wakubwa viwe jukwaani, vitazame watu. Wachezaji watacheza chini mbele yao, kama kwenye sikukuu. Kwani kuna tatizo?

Mkuu wa ofisi alimrudishia Assumani ramani mikononi. "Kwaruza," akamwambia.

Wino wa ramani hauendi kwa maji wala kwa raba. Unaukwaruza kwa wembe, mstari kwa mstari, polepole, usije ukatoboa karatasi. Assumani aliukwaruza mteremko wote. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa, maana miaka ile watu waliitwa kwa mambo madogo kuliko hilo na nyumba zao zikabaki wazi. Mteremko ulipokwisha, nafasi ya chini yake nayo ikawa haipo. Alibaki na chumba cha kusemea, kuta mbili na dirisha dogo la kioo, vikielea katikati ya udongo. Akavitazama kwa muda. Kisha akavikwaruza navyo, na pembeni ya karatasi akachora kijisanduku cha mistari ya vidoti, akaandika: studio, awamu ya pili.

Alijua. Hilo lieleweke vizuri. Mtu aliyefanya kazi ofisi ile kwa maisha yake yote anajua awamu ya pili ni kitu gani. Zahanati ya chuo ilikuwa na awamu ya pili, na maktaba ilikuwa nayo, na ndani ya zote mbili zilikuwa zimeota miti.

Alirudi nyumbani akamkuta Micheline barazani na majirani. Mama Mukwe alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Micheline alimwona mumewe akaikatiza sentensi katikati.

"Papa Julie! Bale ba comité banasema nini?"

Assumani aliwaona majirani wakingoja, na mkewe akingoja na uso unang'aa, mafuta ya mawese mikononi. Siku moja tu, akajiambia. Nitamwambia kesho, tukiwa wawili.

"Banabadilisha kidogo," akasema. "Likambo te, hakuna neno."

Kesho yake hakumwambia, wala kesho kutwa. Kila akipiga moyo konde, Micheline alikuwa anatunga. Na ukweli, ambao yeye mwenyewe aliuona na kuuonea haya, ni kwamba alikuwa akistarehe. Nyumba ilikuwa na sauti. Nani angeizima kwa mkono wake mwenyewe? Basi kila jioni akakaa kwenye kiti kile kile akicheka mahali pale pale.

Sakafu iliyolazwa haikuwa mwisho. Saruji ilikuja kwa boti kutoka Kinshasa ikiwa nyingi kwenye bandari na chache ilipofika kiwanjani, na njiani, wasemavyo watu, ziliota nyumba mbili tatu nzuri. Ikaamuliwa kuta za ukumbi zisubiri. Baadaye ikaamuliwa paa la ukumbi halina haja kama kuta zinasubiri. Kila mara ramani ilirudi mezani kwa Assumani, na kila mara alichukua wembe. Augustin hakuwapo tena kuona. Alikuwa amepelekwa kufundisha sekondari moja ndani kabisa, upande wa Bafwasende, na waliotumwa kumsalimu walirudi bila kumwona. Micheline alipouliza kuhusu chumba chake aliambiwa awamu ya pili. Hakuwa mtu wa ofisi. Akaelewa kwamba awamu ya pili inafuata ya kwanza.

Kilichojengwa mwishoni ni jukwaa la zege, na juu yake kipaa cha mabati cha kuwakinga wakubwa jua. Mbele yake uwanja wa nyasi. Ndilo jumba la sanaa.

Ikapangwa sikukuu ya kulifungua. Kila ofisi ya mji ilitakiwa kuleta kundi lake la kuimba na kucheza kwa sifa ya Chama, kama kawaida ya miaka ile, na asiyecheza alijieleza. Ila mwanamke aliyezoea kuongoza miito ya Chama kwenye kipaza sauti alikuwa mgonjwa. Mjumbe wa abacost ya kijivu, aliyekuwa mtu wa mji na aliyesikiliza redio kama wengine wote, akakumbuka. Si yule mke wa mchoraji alikuwa na sauti? Gari likaenda kumchukua sokoni. Akapewa kitenge chenye picha ya Guide, akaambiwa maneno, hayakuwa magumu.

Assumani alikuwa tayari uwanjani na kundi la ofisi yake, naye amevaa kitenge hicho hicho, alipomwona mkewe akishuka garini. Micheline alitazama jukwaa. Akatazama nyuma yake, nyasi, mpaka kwenye miti. Akawatafuta watu wa ofisi ya majengo kwa macho mpaka akampata mumewe, na ingawa walikuwa mbali, Assumani aliliona swali.

Akapanda. Akapewa kipaza sauti. Watu wa uwanjani walipomtambua wakaanza kupiga kelele za furaha, wazee kwa vijana: "Mama Mukwe! Mama Mukwe!" Wengine walikwisha kucheka, wakingoja. Micheline alikishika kile chombo karibu na mdomo na akanyamaza kidogo, kimya kile kile cha zamani, na Assumani akasogea hatua moja mbele, maana hakujua kitakachotoka. Wakubwa walikuwa wamekaa nyuma ya mgongo wake, wanaangalia.

Akauliza kwa sauti kuu baba wa taifa ni wangapi. Uwanja ukajibu mmoja. Akauliza vyama ni vingapi. Uwanja ukajibu kimoja. Sauti ilikwenda mpaka mtoni, nzito chini na kali juu, hakuna aliyewahi kuitoa miito ile vizuri hivyo, na chini kwenye nyasi makundi yakaanza kucheza, na Assumani akacheza. Kisha mjumbe akachukua kipaza sauti akawataja waliojenga. Akasema jumba hili limechorwa na mtoto wa nchi, Citoyen Assumani. Wakampigia makofi.

Jioni walirudi Kabondo kwa miguu. Micheline alikuwa amebeba mfuko wa mchele aliopewa, na ahadi ya kuitwa tena kwenye kila sikukuu. Karibu na nyumbani ndipo aliposema.

"Papa Julie, ulijua tangu lini?"

Assumani hakuweza kusema uongo tena, alikuwa ameumaliza. "Tangu siku ya comité."

Micheline alihesabu kichwani, unaona kabisa mtu anahesabu. Daktari wa meno. Harusi ya mpwa wake Mama Mukwe. Mkasa wa mbuzi wa padri, ambao aliutengeneza kwa majuma, na Assumani akamsaidia kuchagua mwisho wake.

"Donc miye najifunza pale barazani, weye unakaa kwa kiti, unanisikia, unacheka. Na unajua."

"Nilipenda kukusikia, Mama Julie. Ni ile tu."

"Ungeniambia," akasema, bila ukali wowote. "Ningenyamaza mapema."

Akaingia ndani kuweka mchele. Majirani walikuja uzioni jioni ile, na jioni ya pili, kisha wakazoea kutokuja. Ofisini ramani ya studio haikuombwa na mtu tena, na Assumani akarudishiwa vyoo. Nyumbani waliongea habari ya chumvi, sabuni, na barua za Julie, kwa adabu, bila ugomvi. Ile sauti nyingine hakuisikia tena ila kwenye sikukuu za Chama, juani, akiwa chini kwenye nyasi na kundi la ofisi yake, akicheza.